Baga ya rendang: kuna nini ndani ya mkate huo?

Katika migahawa ya baga za bei ya juu mjini Jakarta, na vilevile Singapore na Amsterdam, si ajabu siku hizi kukuta kwenye menyu baga ya rendang, baga ya sate yenye mchuzi wa karanga, au baga ya tempe iliyopakwa sambal. Mkate ni uleule wa mviringo na chipsi ni zilezile, lakini harufu inayotoka jikoni ni ya tui la nazi, mchaichai na uduvi. Mtu aliyelelewa Tanga, Lamu au Pemba akiingia humo huenda akadhani mpishi ni mtu wa kwao.

Chakula hicho kinaonekana ni starehe tu ya vijana wa mjini. Hata hivyo, kila kilichomo ndani ya mkate huo kina wenyewe. Kuna watu wanaoona rendang ni heshima ya kabila lao na hawapendi jina hilo lichezewe, kuna waumini wanaotaka kujua nyama imechinjwa vipi, na kuna watengenezaji wadogo wa tempe ambao riziki yao inategemea bei ya soya inayotoka ng'ambo.

Baga ilivyofika Jakarta

Jina hambaga linatokana na mji wa Hamburg nchini Ujerumani, ingawa mkate wenye nyama ya kusaga katikati kama tunavyoujua leo ulikulia Marekani, na huko hadi sasa miji kadhaa inagombea nani aliuanzisha. Nchini Indonesia vyakula vya haraka vya Kimarekani viliingia kwanza kwa kuku. KFC ilifungua tawi Jakarta mwaka 1979. McDonald's ilifuata Februari 1991 katika jengo la Sarinah, duka kubwa lililojengwa enzi za Rais Sukarno na kupewa jina la yaya aliyemlea. Tawi hilo lilipofungwa Mei 2020, watu walikusanyika nje kuliaga licha ya masharti ya kudhibiti corona, jambo lililowakera wengi waliokuwa wamejifungia majumbani.

Pamoja na umaarufu huo, baga haikuushinda wali. Kwa Waindonesia wengi, mtu ambaye hajala wali hajala, kama vile kwa wengi wetu asiyeona ugali husema ameshinda na njaa. Ndiyo maana matawi ya kampuni za Kimarekani nchini humo huuza kuku wa kukaanga kwa wali na pilipili. Nyama ya ng'ombe nayo ni ghali: nchi hiyo hununua ng'ombe hai kutoka Australia, na tangu 2016 inaagiza pia nyama ya nyati kutoka India, lakini kwa familia nyingi nyama bado ni ya Idul-Adha na ya karamu. Baga ya nyama nzuri, kwa hiyo, ilibaki chakula cha wenye nafasi. Bei ya moja tu katika mgahawa wa kifahari inaweza kulipia sahani kadhaa za wali na rendang katika mkahawa wa Kipadang upande wa pili wa barabara.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo wamiliki wa migahawa hii walilazimika kulijibu: kwa nini mtu alipe zaidi kwa kitu kisichomshibisha kama wali? Jibu lao lilikuwa kumrudishia mlaji ladha ya kwao, ndani ya mkate.

Rendang ni nini hasa

Rendang ni chakula cha Waminangkabau, watu wa nyanda za juu za Sumatra Magharibi. Makao makuu ya mkoa huo ni mji wa Padang, ndiyo maana mikahawa yao huitwa ya Kipadang popote ilipo. Mwaka 2011 wasomaji wa tovuti ya CNN waliipigia kura rendang kuwa chakula kitamu kuliko vyote duniani, na tangu hapo jina lake limesambaa mbali.

Watu wengi nje ya Indonesia hudhani rendang ni aina ya mchuzi au mchanganyiko wa viungo. Kwa kweli ni hatua ya upishi. Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande na kutiwa kwenye sufuria pana pamoja na tui zito na viungo vilivyosagwa juu ya jiwe: pilipili nyekundu, vitunguu vidogo, kitunguu saumu, tangawizi na galanga, ambayo ni mzizi wa jamaa ya tangawizi wenye harufu kali zaidi. Huongezwa mchaichai, majani ya mmanjano na majani ya ndimu. Mwanzoni kinachoonekana ni mchuzi mwepesi wa rangi ya chungwa, nao huitwa gulai. Ukiendelea kuchemka hadi tui likaiva na kuwa zito, unapata kalio. Wageni wengi wanaokula "rendang" katika hoteli za Ulaya kwa kweli wanakula kalio, na hakuna anayewaambia.

Mpishi asipozima moto hapo, maji yote ya tui hukauka. Mafuta ya nazi hujitenga, na ile nyama iliyokuwa ikichemka sasa inakaangika taratibu katika mafuta hayo, huku mashapo ya tui yakigeuka kahawia na kuishika. Kazi hiyo huchukua saa nne au zaidi, na mpishi hawezi kuiacha akaenda kusengenya barazani, kwa sababu mwishoni inaungua haraka. Matokeo ni nyama ya rangi karibu na nyeusi, kavu kwa nje, laini ndani. Kwa kuwa maji yamekwisha na viungo ni vingi, huweza kukaa wiki kadhaa bila jokofu. Waminangkabau wana desturi ya vijana wa kiume kuondoka kwenda kutafuta maisha mbali, na rendang ndiyo iliyokuwa masurufu ya safari hiyo.

Sasa linganisha na baga. Baga ni nyama ya kusaga yenye mafuta, mara nyingi kiasi cha sehemu moja kwa tano, inayobanwa kuwa duara na kuwekwa juu ya chuma chenye moto mkali kwa dakika chache tu. Moja ni kazi ya nusu siku, nyingine ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kuzikutanisha si jambo jepesi, na hapa ndipo mgahawa mzuri unapojitenga na mgahawa unaouza jina.

Wapo wanaochukua njia ya mkato: wanachanganya viungo vya rendang ndani ya nyama mbichi kabla ya kuibana. Ubaya wake ni kwamba tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja nyama, na chumvi ikichanganywa mapema huifanya ishikane kama soseji. Unauma kitu kinachoteleza, hakina ile nyama yenye punje inayotafutwa kwenye baga. Wengine hupika rendang halisi kwa saa zake zote, huichambua nyuzinyuzi, kisha huiweka kidogo juu ya duara la nyama lililochomwa kwa chumvi tu. Hii ya pili ni ghali zaidi kwa mgahawa, lakini kwa maoni yangu ndiyo pekee inayostahili kuitwa baga ya rendang. Njia ya tatu ni kuweka baga ya kawaida na kuipaka mchuzi wa kalio. Si mbaya, ila ulowe wa mchuzi huuua mkate kabla hujafika nusu.

Pale jina linapozua ugomvi

Wapishi wa baga wamejifunza kuwa waangalifu na jina hili kwa sababu ya mambo mawili yaliyotokea hadharani.

La kwanza ni la Aprili 2018. Katika shindano la upishi la MasterChef nchini Uingereza, mshiriki mzaliwa wa Malaysia alipika rendang ya kuku. Jaji Gregg Wallace alilalamika kwamba ngozi ya kuku haikuwa kavu ya kutafunika, na mshiriki huyo akatolewa. Ilikuwa kama kumlaumu mtu kwa pilau isiyo na ukoko juu. Wamalaysia, Waindonesia na Wasingapore, ambao kwa kawaida hugombana kuhusu nani mwenye rendang, kwa mara moja walisimama upande mmoja. Hata Najib Razak, waziri mkuu wa Malaysia wakati huo, aliingia katika mjadala huo mtandaoni. Jaji mwenzake, John Torode, alipodokeza kwamba huenda rendang ni ya Indonesia, aliwasha moto upya. Ukweli wa kihistoria ni kwamba Waminangkabau walihamia rasi ya Malaya karne nyingi zilizopita, na jimbo la Negeri Sembilan nchini Malaysia bado linafuata mila zao, kwa hiyo chakula hicho kina nyumba pande zote mbili za mlango-bahari wa Malaka.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka 2022 mgahawa mmoja wa Jakarta ulibainika kuwa ulikuwa umeuza vyakula vya Kipadang, rendang ikiwemo, kwa nyama ya nguruwe. Mgahawa wenyewe ulikuwa umekwisha kufungwa, lakini hasira ilifika kwa wanasiasa na polisi wakamhoji mmiliki. Kwa Waminangkabau, mila na Uislamu havitenganishwi: mila inasimama juu ya sheria ya dini. Wengi wao waliona si suala la mtu kula nguruwe, bali la jina lao kubandikwa juu yake. Waindonesia wengine walijibu kwamba chakula hakina dini, na kwamba nchi yenye Wabatak na Wabali wanaokula nguruwe kila siku haiwezi kumzuia mpishi kubuni. Mjadala huo haujaisha, na mwenye mgahawa wa baga anapoandika neno rendang kwenye menyu yake anajua ameingia ndani yake.

Suala la halali

Bunge la Indonesia lilipitisha sheria ya bidhaa halali mwaka 2014. Kuanzia 18 Oktoba 2024 kampuni kubwa na za kati zinazouza vyakula na vinywaji zinatakiwa kuwa na cheti cha halali, huku wafanyabiashara wadogo wakiongezewa muda hadi Oktoba 2026. Chakula kisicho halali hakikupigwa marufuku, ila muuzaji anapaswa kukiandika wazi kuwa si halali.

Katika baga, nyama ndiyo sehemu rahisi kukagua. Shida iko kwingine. Jibini inaweza kuwa imegandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mnyama. Mkate laini wa siagi na mayai unaweza kuwa na kiboresha unga chenye asili ya mnyama. Mchuzi wa kupakia nyama unaweza kuwa na mvinyo. Waindonesia hawachukulii mambo haya kama vijisababu, kwa kuwa mwaka 2001 kiungo maarufu cha kukoleza ladha kilibidi kuondolewa madukani baada ya kubainika kwamba katika utengenezaji wake kilitumika kimeng'enya kilichotokana na nguruwe, wakati jina la bidhaa na ladha yake havikuwa na lolote la kumshtua mlaji.

Kwa hiyo msomaji Mwislamu anayesafiri asitosheke na mhudumu kumwambia "hatuuzi nguruwe". Aulize cheti. Nchini Singapore cheti kinachotambulika ni cha baraza la Kiislamu la nchi hiyo, MUIS. Uholanzi hakuna chombo kimoja cha serikali, vyeti hutolewa na taasisi binafsi tofauti, na ni jambo la kawaida kukuta mgahawa wenye nyama halali lakini unaouza pombe kwenye kaunta hiyohiyo.

Ladha zinazotufahamu

Sambal ni pilipili iliyotwangwa, lakini kusema hivyo ni kama kusema achari ni embe tu. Sambal terasi ina uduvi uliochachuliwa na kubanwa kama kipande cha sabuni, ambao huchomwa kwanza kabla ya kutwangwa. Harufu yake mbichi inaweza kumfukuza mgeni. Ikishachanganywa na pilipili na ndimu, anaomba kuongezewa. Sambal ijo ya Kipadang ni ya pilipili za kijani. Sambal matah ya Bali haipikwi: vitunguu vidogo na mchaichai hukatwa vyembamba sana, kisha humwagiwa mafuta ya nazi ya moto. Kwa baga hii ya mwisho ndiyo inayofaa kuliko zote, kwa sababu ubichi wake unakata mafuta ya nyama.

Pilipili zenyewe ni wageni Indonesia kama zilivyo wageni kwetu. Zilitoka Amerika na kufika Asia kupitia Wareno katika karne ya 16. Kabla ya hapo Wajava walitumia pilipili ndefu, jamaa ya pilipili manga, waliyoiita cabe. Mgeni alipofika akarithi jina la mwenyeji. Kiswahili kilifanya hivyohivyo na neno pilipili.

Kachumbari ya baga hizi huitwa acar, na masikio ya Mswahili yanaitambua mara moja: ni achari, neno lililosafiri Bahari ya Hindi pande zote kutoka Uajemi na India. Mchuzi mtamu mweusi unaopakwa kwenye nyama ni kecap manis, yaani mchuzi wa soya uliokolezwa sukari ya mitende hadi ukawa mzito kama asali. Wataalamu wengi wa lugha wanaamini neno kecap na neno kechapu yana mzizi mmoja katika Kichina cha kusini, kwa hiyo baga ya Jakarta imemrudisha ndugu aliyepotea.

Sate ni mishkaki, na mchuzi wake wa karanga una ukwaju, sukari na pilipili. Na ukipata harufu ya karafuu, jua karafuu yenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki mwa Indonesia, na iliwasili Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kupitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Baadaye mambo yaligeuka, Indonesia ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba kwa ajili ya sigara zake za kretek.

Uholanzi na chipsi za vita

Nje ya Asia, ladha hizi zimekita mizizi zaidi Uholanzi, na sababu yake si tamu. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki iliundwa mwaka 1602 kwa ajili ya viungo, na mwaka 1621 majeshi yake chini ya Jan Pieterszoon Coen yaliwaua au kuwahamisha wakazi wengi wa visiwa vya Banda ili kuhodhi kungumanga. Utawala wa kikoloni ulidumu hadi Waindonesia walipotangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945; Uholanzi ilikubali Desemba 1949 tu, baada ya vita. Watu wapatao laki tatu, wengi wao wenye damu mchanganyiko, walihamia Uholanzi katika miaka iliyofuata, wakiwa na masanduku machache na mapishi ya mama zao.

Leo vibanda vya chipsi vya Uholanzi huuza chipsi zilizomwagiwa mchuzi wa karanga wa sate, mayonezi na vitunguu vibichi. Jina lake ni patatje oorlog, chipsi za vita, kwa jinsi sahani inavyochafuka. Migahawa ya baga ya Amsterdam ilipoanza kuweka mchuzi wa karanga juu ya nyama haikubuni kitu kipya. Ilipanda bei tu.

Wajukuu wa wahamiaji hao ndio baadhi ya wapishi wanaoipika leo. Wengine wao wanakataa kabisa kuita kazi yao "mchanganyiko wa Mashariki na Magharibi", kwa kuwa kwao hicho ndicho chakula cha nyumbani.

Kwa asiyekula nyama

Tempe ni soya iliyochemshwa, ikatiwa kuvu wa aina ya Rhizopus na kuachwa siku moja hadi mbili katika joto la kama nyuzi 30. Kuvu huzifunga punje kwa utando mweupe hadi zikawa kipande kinachokatika kwa kisu. Asili yake ni Java, na kwa karne nyingi imekuwa nyama ya maskini. Katika mkate wa baga inakaa vizuri kuliko maharage yaliyopondwa, kwa sababu ina umbo lake na inakaangika ikawa kavu nje.

Lakini sehemu kubwa ya soya inayotumika Indonesia hununuliwa nje, hasa Marekani. Bei ilipopanda mwishoni mwa 2020, watengenezaji wa tempe na tofu wa Jakarta na miji jirani waligoma siku tatu mwanzoni mwa Januari 2021, na soko likakosa chakula ambacho hakuna aliyewahi kufikiri kingekosekana. Mwaka 2022 waligoma tena. Mgahawa wa kifahari hupandisha bei ya baga na maisha yakaendelea. Muuzaji wa tempe wa mtaani hupunguza unene wa kipande na kuomba wateja wasitambue.

Ukikaa mezani

Mwenye mzio wa karanga aseme kabla ya kuagiza, si baada ya kuletewa, kwa sababu mchuzi wa sate hupakwa kwa mwiko uleule unaogusa baga nyingine. Mwenye mzio wa kamba aulize kuhusu terasi, ambayo haionekani kwa macho na mara nyingi haiandikwi kwenye menyu.

Usiagize nyama ya baga ikiwa mbichi katikati kama unavyoweza kuagiza kipande cha steki. Vijidudu vya steki viko juu tu, na moto huviua; nyama ikishasagwa huenea ndani kote. Mamlaka za chakula za Marekani hushauri joto la katikati lifike nyuzi 71. Jiko linalokataa kukuuliza "iive kiasi gani" halikudharau, linajua kazi yake.

Kula kwa mkono hakuna wa kukushangaa, na Indonesia mkono ni wa kulia kama kwetu. Baga ikiwa ndefu kuliko mdomo, ibane kwanza kwa kiganja. Ile ya rendang iliyochambuliwa itamwaga nyuzi chache sahanini, nazo huliwa mwisho kwa chipsi. Sambal ikikuzidi, maji ya baridi hayatakusaidia, kwa kuwa ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Agiza cendol, kinywaji cha tui la nazi na sukari ya mitende chenye vipande vya kijani vya unga wa mchele, na unywe polepole kabla barafu haijayeyuka.